Anita Włodarczyk: dhahabu iliyochelewa miaka minne

Ukimuuliza Mkenya akutajie mrusha nyundo mmoja tu, wa nchi yoyote, atakuna kichwa. Mbio tunazijua. Mkuki tuliujua Julius Yego alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2015. Nyundo bado ni mchezo wa wenyewe. Leo nawaletea Anita Włodarczyk wa Poland, mwanamke ambaye hesabu ya medali zake haikuishia uwanjani bali maabara.

Tuelewane kwanza: nyundo hii si ya seremala. Ni tufe la chuma lililofungwa kwenye waya, na mwisho wa waya pana mpini wa kushika kwa mikono miwili. Ya wanawake ina kilo 4, ya wanaume kilo 7.26. Mrushaji huingia kwenye duara lenye upana wa mita 2.135, akaizungusha juu ya kichwa, kisha akazunguka nayo mwili mzima mara tatu au nne na kuiachia. Aliyewahi kuamia ndege shambani kwa kombeo anaelewa: jiwe halitupwi na ubavu peke yake, linatupwa na kasi ya mzunguko. Ili tufe lifike mita 80 linatoka mkononi kwa takriban kilomita 100 kwa saa, na wakati huo linamvuta mwenyewe kwa nguvu inayopita uzani wa mifuko mitatu ya simiti. Akichelewa kuachia kidogo tu, linaishia kwenye wavu.

Wanawake walianza kurusha nyundo kwenye Olimpiki mwaka 2000 tu, kule Sydney, na dhahabu ya kwanza ilikwenda kwa binti wa Poland wa miaka 17, Kamila Skolimowska. Kamila alifariki Februari 2009 akiwa kambini Ureno, umri wake miaka 26. Miezi sita baadaye Anita alivunja rekodi ya dunia jijini Berlin kwa mita 77.96, akarukaruka kwa furaha hadi akaumia kifundo cha mguu. Amekuwa akirusha akiwa amevaa glavu iliyokuwa ya marehemu.

Sasa njoo London 2012. Tatyana Lysenko wa Urusi alirusha mita 78.18, Anita 77.60. Akapewa fedha akarudi kwao. Mwaka uliofuata, Moscow, mambo yakawa yale yale: Lysenko wa kwanza, Anita wa pili. Sampuli za Lysenko zilipopimwa upya zikaonyesha dawa za kututumua misuli, na Oktoba 2016 akavuliwa dhahabu ya London. Ya Moscow nayo ikahamia kwa Anita. Lakini usiku ule wa London wimbo uliopigwa ulikuwa wa Urusi, na hilo halina maabara ya kulirekebisha. Sisi yanatuhusu: Asbel Kiprop alipata dhahabu yake ya Beijing 2008 kwa njia hiyo hiyo, kisha mwenyewe akafungiwa kwa dawa.

Miezi miwili kabla ya uamuzi huo, Anita alikuwa ameshinda Rio kwa mita 82.29, akimwacha wa pili kwa zaidi ya mita tano. Siku chache baadaye, Warsaw, katika mashindano ya kumkumbuka Kamila, akafikisha 82.98. Rekodi hiyo bado ilikuwa imesimama Paris 2024. Mwaka 2019 alifanyiwa upasuaji wa goti, wengi wakadhani amekwisha, naye akashinda tena Tokyo mwaka 2021. Hakuna mwanamke kabla yake aliyeshinda dhahabu tatu mfululizo za Olimpiki katika shindano moja la riadha la mtu binafsi. Ondoa ile ya London, zinabaki mbili.

Juni 2022 mwizi alijaribu kuvunja gari lake. Anita akamfukuza, akamkamata na kumkabidhi kwa polisi, lakini msuli wa paja ukachanika, akakosa mashindano ya dunia mwaka huo. (Mwizi naye, kati ya magari yote!) Paris alirusha mita 74.23, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 39. Akawa wa nne. Shaba ilimpita kwa sentimita 4.