Tutazame Chini ya Tandiko

Asubuhi moja mtaani Kayole, mbele ya lango letu, kijana mchuuzi wa maji alikuwa akimkemea punda wake. Kila alipomwekea tandiko, mnyama alirusha mateke. "Sheikh, si waijua shukrani ya punda," akaniambia akicheka. Nikamwomba aliinue lile gunia. Chini yake palikuwa na kidonda kibichi juu ya uti wa mgongo, upana wa kiganja. Mateke yale yalikuwa mashtaka ya asiye na ulimi.

Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji pekee. Katika mkokoteni wa magurudumu mawili, shehena ikisogezwa mbele mno, miti huligandamiza tandiko. Ikirudishwa nyuma mno, miti huinuka na mkanda wa tumboni ukambana mnyama. Uzito ukae juu ya ekseli.

Tandiko jema lina mito miwili, mmoja kila upande, na katikati pana nafasi kama mfereji, ili mzigo ubebwe na nyama za mgongo wala usiguse mfupa. Gunia lililokunjwa halina nafasi hiyo. Mkanda wa kifuani nao usipande kooni ukamzuia pumzi, wala usishuke kwenye kiungo cha bega. Kamba ya nailoni hukata ngozi. Iviringishwe kitambaa cha pamba. Tandiko lifuliwe na kuanikwa, kwani jasho likikauka hukwaruza kama msasa.

"Nikimpumzisha, watoto wangu watakula nini?" kijana aliuliza. Swali hilo lilikuwa la haki. Majirani wakamlipa mapema maji ya wiki, naye akasukuma mkokoteni kwa mikono, mitungi michache kwa safari. Mama watoto alitoa blanketi kuukuu, likashonwa mito miwili. Kidonda kilipofunga, punda alitandikwa akiwa ametulia.

Mtume (s.a.w.) alipomwona ngamia aliyekonda hata tumbo likagusana na mgongo, aliwausia watu wamche Mwenyezi Mungu katika haki za wanyama hawa wasiosema. Basi akina mama, ninyi mnaopokea maji mlangoni, mwulizeni mchuuzi kwa upole: mgongo wa punda wako u hali gani? Na mwenye blanketi kuukuu asilitupe.

Wabillahi taufiq.