Kuku na mchicha kiwanja kimoja, kiangazi inawezekana

Wadau, hapa Mkwajuni mvua zikikata, kiwanja kinabaki vumbi tu. Lakini mboga zinatoka. Usiinue tuta, chimba tuta la kuzama ili maji yabaki kwenye mizizi, halafu tandaza nyasi kavu juu. Mbolea ya kuku usiweke mbichi, inaunguza miche. Iache ioze kwanza. Na zungushia uzio, la sivyo kuku watamaliza mchicha wote.

Adui mkubwa ni mdondo. Hauna dawa, ukiingia unafagia banda zima. Kinga ni chanjo ya I-2: tone 1 jichoni, kila miezi 3, kuku wakiwa bado wazima. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi, kwa hiyo changeni na majirani, mchanje siku moja. Haya, kazi kwenu!