Mlima Bugarama haujali jina la gari

ALIYEWAHI kuteremka kutoka Bugarama kuja Bujumbura haisahau barabara ile. Ni kilomita zipatazo 35 za kona juu ya kona. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika, ambako mji wetu umekaa, liko mita 770 hivi. Njiani utakutana na malori yaliyojaa shehena, vijana wa baiskeli wanaoshuka na mikungu ya ndizi kama mishale, na wenzao wanaopanda huku wameng'ang'ania nyuma ya malori.

Jumapili moja mchana nilikuwa nikitoka msibani Kayanza. Ndani ya gari alikuwamo mama yangu, dada yangu na watoto wake wawili. Kwenye buti tulipakia viazi na ndizi. Gari lenyewe ni Mercedes-Benz E-Class ya mwaka 1994, na msomaji asidhani ni matunda ya mshahara wa mwalimu. Ni mali ya shemeji yangu aishiye Ubelgiji, aliyeniachia nilitunze.

Tulipofika kama nusu ya mteremko nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Kona iliyofuata nilikanyaga breki, na kikanyagio kikazama hadi sakafuni, laini kama sifongo. Nilikanyaga tena, hali ikawa ile ile. Nikarudisha gia kutoka D hadi 3, kisha 2. Injini ikanguruma. Nikaanza kukanyaga breki ya kuegeshea, ambayo katika gari hilo hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, huku nikiiachia kidogo kidogo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Hatimaye nililisugua ubavu kwenye ukingo wa udongo hadi likasimama. Kijana mmoja wa baiskeli alitupita na ndizi zake, akatupungia mkono. Hakujua kuwa sekunde chache kabla nilikuwa nyuma yake bila breki.

Mama alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, gari la kitajiri namna hii halina breki?"

Kosa lilikuwa langu

Swali la mama ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu jibu lake linanihusu. Miezi miwili kabla ya siku hiyo, taa ya breki iliwaka kwenye dashibodi. Magari haya yana waya mdogo uliopachikwa ndani ya pedi za mbele. Pedi ikilika hadi kuufikia, waya hugusa diski na taa huwaka. Nilikwenda katika duka moja la spea.

Mimi nilikulia na kusoma katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Tanzania, nikarejea nchini mwaka 2009 nikiwa na Kiswahili changu na Kiingereza cha darasani. Nilizoea kusema pedi, hapa wanasema plaketi. Mhudumu aliniuliza maswali mawili kwa Kifaransa cha haraka. Sikuyaelewa, na sikutaka ajue kuwa sikuelewa. Nikatikisa kichwa kukubali, nikanyooshea kidole boksi ambalo bei yake ilikuwa chini ya nusu ya lile la jirani yake, nikalipa na kuondoka. Fundi niliyemkuta barabarani alizifunga kwa nusu saa. Ule waya wa taarifa aliukunja na kuufunga kwa mkanda wa umeme, eti "usikusumbue".

Baada ya mkasa ule gari lilivutwa hadi Buyenzi, mtaa ambao msikiti, Kiswahili na gereji vimekaa pamoja tangu zamani. Mzee mmoja fundi alifungua gurudumu la mbele, akatoa pedi na kuigonga kwa bisibisi. Ikamomonyoka.

"Mwalimu," akaniambia, "hii siyo plaketi. Huu ni mkate mkavu."

Kisha alinionyesha diski. Ilikuwa na mabaka ya bluu, alama ya joto kali, na nyufa ndogo ndogo. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi.

Joto linakwenda wapi?

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari langu siku ile, pamoja na watu na mizigo, lilikuwa na uzito wa kama tani moja na robo tatu. Kulishusha zaidi ya mita 1,200 kwa breki peke yake kunazalisha joto linaloweza kuchemsha karibu lita 60 za maji. Injini na upepo husaidia, lakini dereva anayeteremka kwa gia kubwa huku mguu ukiwa juu ya breki anaubebesha karibu mzigo wote huo kwa pedi na diski.

Joto likizidi, mambo mawili hutokea. Kwanza, pedi dhaifu hutoa gesi na kuteleza juu ya diski badala ya kuibana. Pili, mafuta ya breki huchemka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hufanya mapovu, na mapovu hubonyea. Ndiyo maana kikanyagio changu kilizama. Kwa hiyo kubadili pedi na kuacha mafuta ya miaka mitano ni kufanya nusu ya kazi. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Namna ya kuchagua

Mzee yule alinifundisha kwamba mtu haendi dukani na jina la gari tu. Mercedes za mwaka mmoja zinaweza kuwa na diski za vipimo tofauti kulingana na injini. Nenda na namba ya chasisi, na ukiweza beba pedi ya zamani mkononi uilinganishe na mpya: umbo, unene, mahali pa waya.

Pindua pedi utazame mgongo wake. Zilizothibitishwa kwa soko la Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali (1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 4 ni Uholanzi), na namba inayoanza na 90R. Majina kama Textar, ATE, Jurid na Brembo yana sifa, lakini ndiyo pia yanayoigwa. Boksi lenye herufi zilizofifia, pedi yenye kingo zinazomomonyoka ukikwaruza kwa ukucha, au muuzaji asiyetaka kukupa risiti, viache.

Kuhusu diski, usiamini macho peke yake. Pembeni mwa diski huwa kumechongwa unene wa chini unaoruhusiwa. Fundi apime kwa vernia au maikromita sehemu kadhaa. Ikiwa imefika kiwango hicho, au ina nyufa, ni ya kutupwa. Kuikereza kwenye mashine ili iwe laini kunafaa tu ikiwa itabaki juu ya kiwango. Diski nyembamba hupata joto haraka zaidi, na huo ni mtego kwa mtu wa Bugarama. Pedi nazo zisisubiri chuma kigonge chuma. Zikibaki na milimita 3, zitoe.

Na daima badilisha kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta upande siku utakayofunga breki ghafla.

Simama ukimtazama fundi

Usione haya kusimama pale. Gari likae juu ya stendi, si jeki tupu. Kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi, isiachwe ikining'inia kwa mpira wa breki. Ifungwe kwa waya. Pistoni zirudishwe taratibu, huku chupa ya mafuta ikiangaliwa isifurike. Kutu kwenye habu isafishwe, la sivyo diski mpya itakaa upande na usukani utatetemeka. Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu, nayo yafutwe kwa dawa ya kusafishia breki. Kwa magurudumu ya nyuma ya gari kama hili, breki ya kuegeshea imo ndani ya diski yenyewe, hivyo ilegezwe kwanza kabla ya kuivuta diski.

Fundi asipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu. Baadhi ya pedi za zamani na za bei rahisi zina asbesto, ambayo huharibu mapafu. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga breki mara kadhaa hadi kikanyagio kiwe kigumu. Kisha, kwa kilomita 300 za mwanzo, funga breki kwa upole ili pedi na diski zizoeane. Gari lililotoka gereji asubuhi lisipelekwe Bugarama mchana.

Nilirudi dukani, safari hii na namba ya chasisi na pedi iliyomomonyoka ndani ya mfuko. Nilivuta pumzi, nikauliza kwa Kiswahili: "Hizi zina alama ya E? Na diski za kwenda nazo ni zipi?" Mhudumu ni yule yule. Akanijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu, akafungua maboksi matatu na kunieleza moja baada ya jingine. Miezi miwili kabla, nilikuwa nimehatarisha roho tano na ya kijana wa ndizi kwa kuona haya kuuliza swali hilo.

Mwezi uliofuata tulikwenda Kayanza kwenye kuondoa matanga. Wakati wa kurudi niliweka gia 3 pale pale juu Bugarama, kabla ya mteremko kuanza, na kila nilipokanyaga breki nilikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha nikaachia zipoe. Mama alikaa mbele. Kila kona alikuwa akitazama mguu wangu. Tulipofika tambarare na kuliona ziwa, ndipo akafumba macho akalala.

Ndugu msomaji, mlima ule haujali nyota iliyo mbele ya gari lako. Kabla ya kuupanda, fungua gurudumu, pima, na uulize kwa lugha yoyote uliyo nayo.