Mvunaji Aliyedai Nguo Yake

Yeyote aliyelala Buhigwe, katika miinuko ya Kigoma, ajua kuwa baridi ya huko haimsamehe mtu asiye na cha kujifunika. Wazee wa huko hawatashangaa kusikia kuwa zaidi ya miaka 2,600 iliyopita mvunaji mmoja alimpelekea mkuu wa ngome lalamiko kwa ajili ya nguo moja tu.

Lalamiko hilo limeandikwa kwa wino, kwa Kiebrania, juu ya kigae cha chungu. Mtaalamu Joseph Naveh alilifukua mwaka 1960 langoni mwa ngome ya Mesad Hashavyahu, kwenye pwani ya Israeli. Mvunaji, ambaye jina lake halimo, asema alivuna, akapima, akaweka ghalani. Kazi ilipokwisha akaja Hoshayahu mwana wa Shobai akamnyang'anya nguo. Wenzake waliovuna naye katika jua kali watamshuhudia kuwa hana hatia. Ikiwa mkuu haoni wajibu wa kuirudisha, basi na amhurumie.

Ilichukuliwa kwa kosa gani? Hapo wataalamu wanagawanyika. Wapo wasemao ilikuwa rehani ya deni, nao hutaja kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinachoamuru nguo ya rehani irudishwe kabla ya jua kutua. Wengine husema alituhumiwa kutotimiza kipimo cha kazi. Hata neno moja laleta ubishi: huyu hulisoma "Sabato", yule "kuacha kazi".

Mimi naelekea upande wa kipimo, na sababu yangu yatoka Buhigwe. Enzi za ukoloni, ilipokuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu, vijana wengi wa Kiha walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Tangu 1944 waliandikishwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba. Mshahara ulifuata kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Kazi ya siku isipotimia, siku hiyo haikuhesabiwa, hata kama manamba ameshinda juani tangu alfajiri. Mbele ya mnyapara, shahidi wake alikuwa nani ila manamba mwenziwe?

Kigae hakitaji deni hata mara moja. Kinachorudiwa ni kwamba kazi ilimalizika. Na urudiaji huo, wa mtu mwenye uchungu, wafanya wengi waamini kuwa mvunaji alisema kwa mdomo, karani akaandika kama alivyosikia.

Mistari ya mwisho imevunjika. Jibu la mkuu wa ngome halikupatikana.