Mama, Usifiche Damu Isiyokoma

Tuseme mwenzetu wa hapa Ole anachambua karafuu, mara anaona mabaka meusi mikononi ingawa hakujigonga popote. Fizi zinatoka damu. Hedhi imepita wiki nzima. Atasema, “Ni uchovu tu.” Tusiseme hivyo. Huenda kinga ya mwili, iliyowekwa kutulinda, imegeuka na kuharibu chembe sahani zinazogandisha damu. Ugonjwa wa lupasi huweza kufanya hivyo, na katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, kama 9 ni wanawake.

Damu ya namna hii hutibiwa kwa dawa za kutuliza kinga, kama vile prednisoloni. Tusizikatishe ghafula pasipo idhini ya daktari. Wala tusimeze aspirini ovyo, maana huzidisha kuvuja damu.

Lakini pengine ugonjwa huo hudhuru mshipa mmoja tumboni, ukavuja ndani kwa ndani. Zamani dawa yake ilikuwa kupasuliwa. Siku hizi daktari aweza kutoboa tundu dogo kwenye kinena au kifundo cha mkono, akapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa huku akiutazama kwa eksirei, akaziba panapovuja. Mara nyingi mgonjwa hupigwa ganzi pale pale tu. Kidonda ni kidogo, nayo ni nafuu kubwa kwa mwili uliodhoofika. Hata hivyo, mpira huziba uvujaji tu. Ugonjwa wenyewe bado wahitaji dawa.

Kazi hii haifanyiki Ulaya pekee. Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mafunzo yake pamoja na madaktari kutoka Marekani, na Watanzania wamekwisha kuhitimu.

Kutoka Pemba ni kuvuka bahari, basi tusingoje. Twende kwanza hospitali ya Chake Chake au Wete, tupimwe damu. Anayetapika damu, kupata choo cheusi kama lami au kuzimia apelekwe saa ile ile. Huenda atahitaji kuongezewa damu kabla ya safari. Waume na ndugu wajitolee.

Mwanamke wa Injili ya Marko alitokwa damu miaka 12, akaja kwa siri, akitetemeka. Bwana hakumwaibisha, bali alimwita binti. Nasi tusimwache dada yeyote, Mkristo au Mwislamu, peke yake na aibu yake.