Nyimbo za Ujana Wetu Tusizifiche

Je, watoto na wajukuu wako wanajua ulipenda wimbo gani ulipokuwa kijana?

Katika miaka ya 1960 na 1970, Tabora yetu ilivuma kwa bendi tatu: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, na Kiko Kids ya Salim Zahoro. Redioni ulipopigwa wimbo "Dada Asha" wa Shem Karenga, hata aliyekuwa akisonga ugali alitikisa mabega. Na kabla ya magitaa, wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njia nzima kati ya Bagamoyo na Ujiji ili mzigo usiwalemee.

Karenga alifariki mwaka 2014. Wengi wa rika lake wametangulia, nasi tuliobaki tunanyamaza, tukiona haya kwamba tuliwahi kucheza dansi. Lakini mama anayeficha ujana wake atamwulizaje binti yake habari za ujana wake?

Mama mpendwa, jioni moja mwombe mumeo ataje wimbo wake, nawe utaje wako, watoto wakisikia. Kisha nao wawawekee wa kwao. Tuusikilize hadi mwisho kabla ya kukemea.