Vivimbe Viwili Katika Ziwa Moja

Mama mpendwa, ukikuta vivimbe viwili katika ziwa lako, usiseme, "Kimoja kikipimwa, yatosha." Mihogo mitamu na mihogo michungu hufanana shambani, lakini anayekula ile michungu bila kuiloweka hupata sumu.

Si kila kivimbe ni kansere. Lakini hata vivimbe vya kansere si vya namna moja. Kila kimoja kina chembe ndogo sana. Chembe nyingine zina kama mlango wa kupokea homoni ya kike iitwayo estrojeni. Hizo huzuiwa kwa vidonge vya tamoksifeni, vinavyomezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Zisizo na mlango ule, vidonge hivi haviziwezi. Nyingine zina protini ya HER2 kwa wingi, nazo zina dawa yao ya sindano. Mara nyingi vivimbe vya mtu mmoja hufanana, lakini si siku zote.

Basi munganga akitaka kutoa kipande kidogo katika kila kivimbe, usikatae, wala usidhani anakutesa bure. Anatafuta dawa inayofaa kila kimoja. Omba Mungu, tena njoo hospitali mapema, wala usione haya.